Padri Charles Sacleux wa Bagamoyo na Majina ya Ibilisi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kwa wanafunzi wengi wa isimu ya Kiswahili, Charles Sacleux ni jina la kitabu zaidi kuliko jina la mtu. Mtafiti anayetaka kujua kama neno fulani lilitumika Lamu au Mrima, au kama asili yake ni Kiarabu, Kiajemi ama Kibantu, huifungua kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, akapata jibu lake, akaifunga. Ni nadra kukumbuka kwamba kamusi hiyo ilitokana na maisha ya padri wa Kikatoliki aliyefika pwani yetu akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akakaa karibu miaka ishirini, kisha huko kwao akatumia zaidi ya miaka arobaini kuyapanga yale aliyoyasikia huku.

Makala haya yanakusudia kuyaeleza maisha hayo kwa kufuata uzi mmoja, nao ni majina ya Ibilisi. Padri hutakiwa kuhubiri juu ya adui mmoja wa wanadamu, mwenye nia moja tu, yaani upotevu wa roho zao. Mtunzi wa kamusi naye hutakiwa kuandika yale wasemaji wanayoyasema, hata kama hayapatani na mahubiri ya Jumapili. Sacleux alikuwa yote mawili kwa wakati mmoja, na alifanya kazi hizo Bagamoyo, mji uliokuwa na maneno mengi ya viumbe visivyoonekana kabla msalaba wa kwanza haujasimikwa pale.

Hoja yetu ni kwamba jina la Ibilisi katika Kiswahili cha Wakristo halikuletwa na wamisionari, walilikuta. Walichokileta ni namna ya kulibana maana. Thamani ya Sacleux, kwa maoni yetu, ni kuwa alishiriki katika kubana huko kama padri, lakini kama mwanaleksikografia aliyaacha maneno hayo kila moja mahali pake.

2.0 Asili yake na Ibilisi wa kwao

Sacleux alizaliwa mwaka 1856 katika mkoa wa Pas-de-Calais, kaskazini ya Ufaransa. Alijiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo lilikuwa limekwisha kushika kazi ya dini Zanzibar na pwani inayoikabili tangu miaka ya 1860, na mwaka 1879 alitumwa huko.

Ibilisi aliyejulikana na Wakatoliki wa sehemu hiyo ya Ulaya alikuwa na umbo. Katika jimbo jirani la Picardie, kanisa kuu la Amiens, ambalo ni la karne ya 13, lina mchongo wa Hukumu ya Mwisho juu ya mlango wake mkuu, na humo waliolaaniwa wanaonekana wakisukumwa na mashetani mbele ya macho ya kila aingiaye kusali. Yafaa kukumbuka kwamba pembe, mkia na kwato za viumbe hao havimo katika Biblia. Nyoka wa kitabu cha Mwanzo haitwi Ibilisi mle. Ni wafasiri wa baadaye waliomtambulisha hivyo. Katika kitabu cha Ayubu, Shetani ni mshitaki ahudhuriaye baraza la Mungu na kuomba ruhusa kabla ya kutenda. Viungo vya mwili wa Ibilisi vilikusanywa taratibu na wachongaji na wachoraji kutoka kwa wanyama, na wataalamu wengi huona humo pia sura ya Pan, mungu wa wachungaji wa Kiyunani mwenye miguu ya mbuzi.

Fasihi nayo iliendelea kumbadilisha. Dante, mwanzoni mwa karne ya 14, alimweka chini kabisa ya jehanamu akiwa amegandishwa katika barafu, hana la kusema. Milton, mwaka 1667, alimfanya msemaji hodari, mwasi mwenye fahari. Goethe, katika sehemu ya kwanza ya Faust iliyotoka mwaka 1808, alimvika mavazi ya muungwana mwenye dhihaka, afanyaye mikataba. Mwaka 1818 Mfaransa Jacques Collin de Plancy alitoa kamusi nzima ya mashetani, na toleo lake la mwaka 1863 lilijaa picha zao. Hivyo basi, Ufaransa ilikuwa imekwisha kuwapanga mashetani kwa utaratibu wa alfabeti wakati Sacleux angali mtoto wa miaka saba. Katika kazi hizi zote, hata pale mashetani walipokuwa wengi, walikuwa jeshi la mkuu mmoja. Hii ndiyo picha ambayo vijana wa shirika lake walikuja nayo Afrika ya Mashariki.

3.0 Bagamoyo aliyoikuta

Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 chini ya Padri Antoine Horner. Wakati Sacleux alipowasili, ilikuwa na kanisa, karakana, mashamba na kijiji cha watumwa waliokombolewa au kuokolewa kutoka majahazini. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa na Sultani Barghash mwaka 1873, lakini biashara ya magendo iliendelea. Mwili wa David Livingstone ulikuwa umelazwa misheni hapo Februari 1874, ukingojea kuvushwa kwenda Unguja. Mji wenyewe ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Unyamwezi na Ujiji, na katika majira ya misafara maelfu ya wapagazi waliingia wakiwa na pembe za ndovu, wakapumzika, wakafanya biashara na ngoma, kisha wakarudi bara.

Kwa mwanaisimu, mahali kama hapo ni hazina. Watoto na watu wazima wa kijiji cha misheni walikuwa wametoka sehemu mbalimbali za bara, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, nacho kilikuwa Kiswahili cha Mrima kilichochanganyika na cha Unguja. Sacleux alikuwa na mazoea ya kusikiliza. Maandishi yake ya baadaye yanaonyesha kwamba alitofautisha sauti zenye mpumuo na zisizo na mpumuo, jambo ambalo wengi wa waandishi wa wakati wake walilipuuza, na ambalo haliwezi kufanywa na mtu anayejifunza lugha kutoka vitabuni peke yake. Waliomfundisha ni wavuvi, wapagazi, wanawake wa kijijini na watoto wa shule. Majina yao hayakuandikwa juu ya jalada, lakini kamusi ni yao pia.

Aidha, Bagamoyo ilikuwa mji wa Waislamu, wenye misikiti, vyuo na mashehe. Juu ya hayo, ilikuwa na waganga wa pepo. Tunao ushahidi wa mwenyeji wa mji huohuo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalihaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903. Humo zimeelezwa kwa kirefu ngoma za kupunga pepo, kwa mkono wa mtu aliyekulia mjini na aliyeyatazama mambo hayo kama sehemu ya maisha ya kila siku. Misheni na mji vilitenganishwa na mwendo wa dakika chache. Sauti ya ngoma ya usiku haikuhitaji ruhusa ya kuvuka shamba la minazi la mapadri.

4.0 Jamii ya maneno

Ili kuelewa kazi iliyomkabili padri huyo, hapana budi kuyatazama maneno yenyewe. Tutayagawa katika makundi mawili.

4.1 Maneno yenye asili ya Kiarabu

Neno shetani limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania lenye maana ya mpinzani au mshitaki. Neno Ibilisi nalo ni la Kiarabu, na katika Kurani ni jina la yule aliyekataa kumsujudia Adamu kwa hoja kwamba yeye aliumbwa kwa moto na Adamu kwa udongo. Wanaleksikografia wa Kiislamu wa zamani walilihusisha na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukata tamaa. Wanaisimu wengi wa leo, hata hivyo, huona kwamba limetokana na neno la Kiyunani la Wakristo, diabolos, yaani msingiziaji, lililoingia katika Kiarabu na kupoteza silabi yake ya kwanza. Ikiwa ndivyo, neno hili limesafiri safari ya ajabu. Lilitoka kwa Wakristo wa Mashariki ya Kati, likapokewa na Waarabu, likaja na dini ya Kiislamu hadi pwani yetu, likakaa karne nyingi katika tenzi na mawaidha, kisha wamisionari wa karne ya 19 wakalichukua kutoka vinywani mwa Waislamu na kulirudisha kanisani. Neno walilodhani wameliazima lilikuwa lao la zamani.

Hata hadithi zenyewe zilikuwa zimekwisha kufika. Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha miaka ya 1920, ulimfahamisha msikilizaji wa Kiswahili habari za adui anayemjaribu mcha Mungu kwa idhini ya Mungu mwenyewe. Padri aliyeanza kumsimulia mtu wa Mrima habari za Ayubu hakuwa akifungua mlango mpya.

4.2 Maneno ya Kibantu

Hapa ndipo penye utata. Neno pepo lina uhusiano wa wazi na upepo. Ni kitu kinachopita, kinachogusa, kisichoshikika. Pepo humpanda mtu, na mtu huyo huitwa kiti chake. Pepo ana kabila na tabia. Wapo wa Kiarabu, wapo wa Kihabeshi, wapo wa bara. Huulizwa jina, huulizwa atakacho, hupewa uvumba, nguo au pete, na baada ya maafikiano huacha kumtesa kiti wake. Si mwema wala si mwovu moja kwa moja. Ni jirani mgumu ambaye yakupasa kuishi naye. Ajabu ni kwamba umbo hilohilo, likiongezwa kiambishi cha mahali, hutupatia peponi, makazi ya waliobarikiwa, yanayowaziwa kuwa na ubaridi na upepo mwanana. Waislamu walilitumia hivyo, na Wakristo pia.

Mzizi -zimu nao una ukoo mpana katika lugha za Kibantu, ukihusu roho za wahenga. Kiswahili kinao mzimu katika ngeli ya M-/Mi-, pamoja na viti vitu vingine visivyo watu. Kuzimu, mahali pa waliokufa. Na wazimu, hali ya aliyepotewa na akili. Katika maneno haya matatu tunaiona nadharia nzima ya mababu zetu: wafu wanapo mahali pao, wanayo mahali pa kutambikiwa, na wakimwingia mtu hubadili akili yake. Hakuna Ibilisi hapo. Hata hivyo, ilipotafsiriwa Kanuni ya Imani, neno kuzimu ndilo lililotumika kwa mahali aliposhuka Kristo baada ya kufa, na kwa masikio ya waumini wengi limekuja kukaribiana sana na jehanamu. Makao ya wahenga yakaanza kunuka moshi.

4.3 Tatizo la Roho Mtakatifu

Ugumu ulimgusa Sacleux katika jina la shirika lake mwenyewe. Katika Kilatini na Kifaransa, neno moja humtaja Roho wa Mungu na pia roho wachafu. Kivumishi ndicho kitofautishacho. Katika Kiswahili kama kingefuatwa kigezo hicho, pepo lingefaa kotekote, maana ndilo lililo karibu na dhana ya upepo na pumzi kama ilivyo katika Kiebrania na Kiyunani. Lakini katika mji ambamo kila mtu aliwajua watu waliopandwa na pepo, kulitumia neno hilo kwa nafsi ya tatu ya Utatu kungeleta maafa. Kwa hiyo Wakristo walilichukua roho, lenye asili ya Kiarabu, kwa upande wa utakatifu, na pepo likaachwa upande wa uchafu. Mgawanyo huu unaonekana hadi leo katika Biblia za Kiswahili. Neno la Kiarabu likapanda madhabahuni, na neno la Kibantu likafukuzwa nguruweni.

5.0 Padri na mtunzi wa kamusi

Kanuni ya ubatizo ya Kirumi humtaka mbatizwa amkatae Shetani, kazi zake na fahari zake, kwa maswali matatu na majibu matatu. Kwa mtu mzima aliyetoka bara, akapita katika minyororo ya wenye misafara na kuletwa misheni, swali hilo lilikuwa na uzito. Anamkataa nani? Kama Shetani ni yule adui mmoja, aweza kumkataa upesi, kwani hakuwa na ahadi naye. Kama ni mashetani, basi wamo pepo aliyempanda mama yake, mizimu ya ukoo wake aliyoiacha kwao bila tambiko, na koma za wale waliofia njiani. Kuwakataa hao ni kukata ukoo. Mtu aliyekwisha kukatwa mara moja na mfanyabiashara wa watumwa aliombwa akatwe tena, safari hii kwa hiari yake.

Sarufi hapa hubeba teolojia. Nomino shetani, katika matumizi ya mjini, ina wingi wake mashetani, na wingi huo ni wa kawaida kabisa: mtu ana shetani, mashetani wake wamepanda, mashetani wamo mbuyuni. Katekisimu ililipa neno herufi kubwa na kulinyima wingi. Likawa jina la pekee. Mashetani waliosalia wakawa askari wake, kama katika mchongo wa Amiens. Mabadiliko hayo madogo ya tahajia yalikuwa na nguvu kuliko mahubiri mengi.

Sacleux alishiriki katika kazi hii kwa imani yake yote, na si haki kumfanya kuwa mtu wa wakati mwingine. Lakini alikuwa na kazi ya pili. Mwaka 1891 alitoa kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili, kitabu kikubwa kilichowasaidia wamisionari wenzake. Kamusi ya namna hiyo huanza na dhana za mgeni: padri ana neno la kwao, anatafuta jinsi ya kulisema huku. Jibu hutakiwa liwe fupi na lenye kutumika kesho asubuhi.

Wakati huohuo alikuwa akikusanya mimea. Vielelezo vyake vilipelekwa kwenye jumba la makumbusho ya elimu-viumbe la Paris, na mtaalamu Henri Baillon aliipa jenasi moja jina la Sacleuxia kwa heshima yake. Kazi hii inatufundisha jambo juu ya tabia ya akili yake. Mkusanya mimea hachumi mmea kwa sababu ni mzuri au una faida. Huuchuma kwa sababu upo, huukausha, huandika mahali ulipoota na jina uliloitwa na wenyeji. Mmea wenye sumu hupata karatasi yake kama mmea wa dawa. Tunaamini kwamba adabu hiyohiyo ndiyo iliyoongoza ukusanyaji wake wa maneno, ambamo kila neno lilionyeshwa lahaja yake, kama mmea unavyoonyeshwa bonde lake.

Miaka hiyo haikuwa ya utulivu. Mwaka 1888 pwani ililipuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani, na vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim viliuharibu mji wa Bagamoyo. Misheni ilinusurika na kuwapokea wakimbizi kwa maelfu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Katika maneno ya watawala wapya, adui wa dola na adui wa dini walianza kuchanganywa, nayo biashara ya watumwa ikatajwa kuwa sababu ya kila risasi. Mwenzake Sacleux, Alexandre Le Roy, aliyekaa Bagamoyo tangu mwaka 1881 hadi 1892 na baadaye kuwa mkuu wa shirika zima, aligeukia swali la dini: mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya dini za watu aliowaita wa asili, akitetea kwamba nao walimjua Mungu. Sacleux alibaki kwenye maneno.

6.0 Miaka ya Ufaransa, 1898–1943

Mwaka 1898 Sacleux alirudi Ufaransa. Wengi waliorudi kwa namna hiyo waliandika kumbukumbu za safari. Yeye mwaka 1905 alitoa kitabu cha fonetiki kuhusu uchunguzi wa lugha za Kiafrika, na mwaka 1909 akatoa sarufi mbili, moja ya Kiswahili kwa jumla na moja ya lahaja za Kiswahili. Hii ya pili ingali inatajwa na kila anayeandika juu ya lahaja zetu, kwani lahaja nyingine alizozieleza zimebadilika sana tangu hapo.

Kisha akaifanya kazi kubwa ya maisha yake. Kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris na Taasisi ya Ethnolojia kuanzia mwaka 1939, ikiwa na zaidi ya kurasa elfu moja katika majalada mawili. Mwandishi alikuwa na miaka 83, na miaka 41 ilikuwa imepita tangu aondoke pwani. Alifariki mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Kijerumani.

Ni muhimu kuuona mgeuko wa mwelekeo. Kamusi ya mwaka 1891 ilianza na Kifaransa; hii ya mwisho inaanza na Kiswahili. Padri kijana aliuliza jinsi ya kumwita Ibilisi wake kwa lugha ya watu. Mzee aliuliza watu wenyewe walikuwa na maana gani waliposema shetani, pepo, mzimu, jini na koma. Alfabeti haina mbingu wala jehanamu. Ndani yake koma na mzimu husimama mbalimbali kila moja na maana yake, na Ibilisi hapati kiti cha enzi, hupata zamu yake katika herufi I.

Mwaka huohuo wa 1939 ilitoka kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson kwa ajili ya kamati ya lugha ya makoloni ya Kiingereza. Kamusi hiyo ilikuwa na shabaha ya kusanifisha, na msingi wake ulikuwa Kiunguja. Ya Sacleux ilikuwa na shabaha ya kuhifadhi. Shule zetu zilirithi ya kwanza. Ya pili, kwa kuwa ufafanuzi wake ni wa Kifaransa, ilibaki mikononi mwa wachache.

7.0 Majina hayo baada yake

Biblia ya tafsiri ya pamoja ya mwaka 1952 ilithibitisha mgawanyo tuliouona. Katika habari ya majaribu jangwani kwenye Injili ya Mathayo, mjaribu anaitwa Ibilisi, na Yesu anapomfukuza anamwita Shetani. Ilihali katika Sala ya Bwana ngeli zetu zimelazimisha uamuzi ambao Kiyunani kiliukwepa. Neno la Kiyunani pale mwishoni laweza kuwa uovu au mwovu. Kiswahili hakiruhusu shaka hiyo: Wakatoliki husali waopolewe maovuni, Waprotestanti waokolewe na yule mwovu. Kwa wa kwanza hatari ni hali. Kwa wa pili ni nafsi. Majirani wawili husali sala moja, na kiambishi kimoja tu ndicho kinachowatofautisha juu ya kuwapo kwa Ibilisi ndani yake.

Wasanii, kwa upande wao, hawakukubali kuupoteza wingi. Ebrahim Hussein aliuita mchezo wake wa mwaka 1971 Mashetani, na anaufungua kwa vijana wawili wanaoigiza Shetani na Binadamu mbuyuni. Mashetani wake ni mabaki ya ukoloni ndani ya nafsi za watu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya iliyosomwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani, alimtundika Ibilisi wa mishenari katika umbo la tajiri mnyonyaji. Wachongaji wa Kimakonde, tangu miaka ya 1950, wamewachonga mashetani wenye jicho moja, mkono mrefu na kinywa kilichopinda, mtindo ambao chanzo chake huhusishwa na Samaki Likankoa. Watalii huviita vinyago hivyo vya kutisha. Mwenyeji hukuta humo utani mwingi. Kwenye uwanja wa misheni ya Bagamoyo wenyewe ungalipo mbuyu mkubwa uliomeza mnyororo, ambao husimuliwa kuwa mmoja wa wanawake wa misheni alimfungia punda wake. Mti ambao mjini ungesemwa kuwa nyumba ya mashetani ulipata kazi ya nguzo ya kufungia mnyama, nao ukaendelea kukua.

Hata hivyo, nje ya sanaa, kubana maana kumeendelea kwa kasi. Katika mahubiri mengi ya siku hizi, pepo wa ngoma, mzimu wa ukoo, jini wa baharini na hata ugonjwa wa akili huwekwa chini ya jina moja, na tiba yao ni moja. Bibi anayejua majina ya pepo na nyimbo zao haonekani tena kuwa mganga au mhifadhi wa fasihi simulizi. Anaonekana kuwa mtumishi wa Shetani. Zipo familia zilizovunjika kwa tafsiri hiyo. Hili si suala la imani peke yake. Ni suala la lugha pia, kwa sababu jamii isiyo na maneno ya kutofautisha hasira ya wahenga, ugonjwa wa akili na uovu wa makusudi, itamtafuta mkosaji mmoja kwa yote matatu, na mara nyingi itampata katika mzee asiye na mtetezi.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Sacleux yanatuonyesha mtu aliyetumikia mabwana wawili bila kumsaliti hata mmoja wao. Kanisani alimhubiri Shetani mmoja. Mezani aliandika mashetani wengi, kwa sababu ndivyo alivyosikia. Kama angeiruhusu katekisimu iiandike kamusi, tungekuwa leo na kitabu cha mafundisho chenye umbo la kamusi, na maneno ya watu wa Mrima wa karne ya 19 yangetufikia yakiwa yamekwisha kuhukumiwa.

Kwetu sisi tunaotunga kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili, funzo liko wazi. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ufafanuzi wa maneno ya imani uko mikononi mwa wasemaji wenyewe, Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi. Tunapofika kwenye pepo, mzimu na shetani, tunapaswa kuorodhesha maana zote kwa utaratibu, tukitaja ni nani asemaye hivyo na katika muktadha gani, bila kuiacha maana ya mimbari moja iyameze mengine. Padri wa Bagamoyo aliweza kufanya hivyo akiwa na sababu nyingi kuliko sisi za kutofanya. Ingekuwa vyema pia kamusi yake ikatafsiriwa ili ufafanuzi wake urudi katika lugha ya wale waliompa maneno hayo, wajukuu wao waweze kusoma kile bibi zao walichokuwa wakisema kabla hawajaambiwa kwamba wamemtaja Ibilisi.